Kompyuta Yako Inampigia Nani?

Ijumaa ile Umeme aliamka akiwa ameshashinda. Ndivyo alivyokuwa siku zote: kazi ngumu aliihesabu imekwisha tangu anafunga kamba za viatu, halafu ndipo akaenda kuimalizia. Jina la Umeme alipewa nyumbani akiwa binti wa miaka saba, baada ya kuifungua redio ya baba yake na kuifunga tena ikiimba kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na tangu siku hiyo hakuna aliyejisumbua kumwita vingine. Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili, fundi wa kompyuta katika karakana ya familia, na mtu pekee katika ukoo mzima aliyeweza kugombana na ruta na kuibuka mshindi.

Karakana yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa moja. Chini zilipangwa mashine nne za kudarizi, kila moja na sindano zake kumi na tano, na juu kulikuwa na ofisi mbili zilizotazamana, ya Umeme na ya Shangazi yake. Kazi yao ilikuwa nembo: za mashati ya shule, makoti ya wauguzi, kofia za walinzi, chochote ambacho mtu anataka kujulikana nacho kifuani. Mashine za chini hazikuwa na akili ya kwao. Kila asubuhi zilivuta michoro kwa njia ya waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta moja kuukuu iliyokaa mezani kwa Shangazi kwa miaka kumi na tisa, na wiki mbili zilizopita kompyuta hiyo ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima, isiwake tena.

Kama ni kununua nyingine tu, lingekuwa jambo la asubuhi moja. Lakini programu ya kuchorea nembo ilikuwa ya zamani sana, walioitengeneza walishafunga biashara, na yenyewe haikutaka hata kusikia habari za kompyuta mpya. Nembo elfu moja na mia nne zilichorwa kwa programu hiyo, zote kwa mkono wa Shangazi. Hakujua programu nyingine, na akiwa na miaka sitini na tatu hakuwa na mpango wa kuijua.

Baba yake Umeme, mdogo wake Shangazi na mwenye karakana, alikata shauri Jumatatu. Aliwaita wote wawili akasema anawapa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikishindikana, wiki inayofuata anaanza mchoraji mpya mwenye programu ya kisasa, na dada akapumzike nyumbani. Alilitamka neno "akapumzike" kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, na upole huo ndio uliouma. Shangazi alijibu "sawa," akaendelea kukunja kitambaa alichokuwa anakikunja. Umeme alimwona anakikunja, anakikunjua, na kukikunja tena mara tatu, na hapo akaapa kimoyomoyo kwamba kiti kile hakikaliwi na mtu mwingine.

Diski ya ile kompyuta ilikuwa imepona. Umeme aliinakili yote, na mpaka Jumatano jioni akawa amekwishaunda ndani ya kompyuta yake mwenyewe kile ambacho mafundi wenzake huita mashine pepe. Mrefu, mkuu wa mafundi wa chini, alipouliza ni kitu gani hicho, Umeme alimwambia ni kompyuta kamili ila haina mwili. Inaishi ndani ya kompyuta nyingine kama mpangaji. Mrefu akataka kujua kama mpangaji huyo anapika. Umeme akamwambia hapiki, anakula tu.

Mpangaji aliamka vizuri, na programu ya Shangazi ikafunguka bila kinyongo. Tatizo lilikuwa moja: mashine za chini hazikumwona. Ili zimwone alihitaji mlango wake mwenyewe kwenye mtandao, yaani anwani yake, atambulike kama kifaa kinachojitegemea. Lakini ruta ya karakana, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ilifungua mlango kwa vifaa vilivyosajiliwa tu, na neno la siri la ruta halikuandikwa popote duniani. Lilikuwa kichwani mwa Shangazi.

Sababu yake ilijulikana na wote. Miaka mitatu nyuma walipata kazi ya nembo mpya ya chuo cha wauguzi. Shangazi aliichora kwa wiki tano, na kabla hawajapeleka koti hata moja, nembo ileile ikaonekana imedariziwa kwenye karakana ya ng'ambo ya barabara, uzi kwa uzi. Wiki mbili kabla ya hapo Shangazi alikuwa amepoteza flashi yenye michoro. Hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwa mdogo wake akasema kosa ni langu. Mdogo wake akasema amemwelewa, na mwaka mzima hakukaa naye kunywa chai.

Ndipo Shangazi alipotunga sheria. Kompyuta ya michoro aliikata kabisa na dunia ya nje, ikabaki kuzungumza na mashine za chini peke yake. Kisha akabandika karatasi mlangoni kwake: hakuna kifaa kitakachoingia kwenye mtandao mpaka akione kwa macho yake, kiwe na kibandiko cha namba mwilini, na kiwe na mtu mmoja wa kukijibia. Hakumpendelea mtu. Simu ya Bosi mwenyewe, yaani baba yake Umeme, ilikaa nje ya mtandao wiki sita kwa sababu mwenyewe hakutaka ibandikwe namba, akaona inamshushia hadhi. Wiki ya saba alileta simu mwenyewe, kichwa chini.

Basi saa mbili na nusu Umeme alibisha hodi. Shangazi alikuwa anapanga vibiringo vya uzi kwenye boksi, kutoka rangi iliyokolea hadi iliyopauka, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote. Umeme alimwamkia, akaketi, akaeleza kila kitu: diski, nakala, mpangaji, mlango. Alieleza vizuri, maana aliamini hakuna asiyemwelewa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Iko wapi?" akauliza.

"Ndani ya kompyuta yangu."

"Itoe niione."

"Haitoki, Shangazi. Haina mwili."

"Basi haina pa kubandikwa namba," akasema Shangazi, akarudi kwenye uzi wake.

Umeme alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Akamkumbusha kwamba leo ni Ijumaa. Akamkumbusha habari ya saa sita, na habari ya mchoraji mpya, na mwishowe akamwambia waziwazi kwamba hiki wanachokipigania ni kiti chake yeye, si cha mtu mwingine. Shangazi akaweka kibiringo chini.

"Najua ni kiti changu, ndiyo maana siwezi," akasema. "Nimemkatalia baba yako. Nimewakatalia wateja wakubwa mpaka wakanuna. Nikija kujikubalia mwenyewe siku yenye faida kwangu, hiyo siyo sheria tena, mwanangu. Ni ujanja."

Umeme alitoka mle ofisini damu ikimchemka. Alimpenda Shangazi yake kuliko alivyoweza kusema, na wakati huohuo alitamani kumtikisa mabega. Mtu anarushiwa kamba akiwa kisimani, yeye anauliza kamba imesajiliwa wapi.

Kwa kawaida yake, hakukaa na hasira muda mrefu, aliigeuza kazi. Kulikuwa na njia ya pili, na aliijua tangu mwanzo. Kompyuta yake mwenyewe ilikwishasajiliwa zamani, kibandiko namba tisa. Mpangaji angeweza kukaa nyuma ya mwenye nyumba: akitoka, anatoka kwa jina la mwenye nyumba, na ruta haijui kama yupo. Na ili mashine za chini ziweze kumfikia, Umeme angefungua kidirisha kidogo, kwamba anayegonga kwa namba tisa akitaka michoro, apitishwe ndani moja kwa moja. Hakuna kifaa kipya kwenye mtandao. Hakuna sheria iliyovunjwa. Alijiambia hivyo mara mbili, na mtu anayejiambia jambo mara mbili huwa ana sababu.

Ilimchukua nusu saa, pamoja na kumwelekeza Mrefu aipe mashine namba mbili anwani ya namba tisa kwa majaribio. Saa nne kasoro robo Mrefu alipiga simu kutoka chini, sauti imempanda: mashine namba mbili imeona michoro. Umeme akamwambia ajaribu ule mdogo wa jani. Sindano zikaanza, mngurumo ukapanda kupitia sakafuni, na dakika chache baadaye Mrefu alipanda ngazi mwenyewe na kipande cha kitambaa chenye jani la kijani, akakiweka mezani kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Wakapeana mikono. Umeme alikuwa ameanza kutunga maneno ya kumwambia baba yake.

Furaha hiyo iliishi dakika kumi na mbili. Kwanza mashine namba mbili ilisimama, halafu Mrefu akapiga kelele kutoka chini kwamba michoro yote imepotea, na Umeme alipotazama akaona si mpangaji tu, hata kompyuta yake namba tisa imefungiwa nje ya mtandao. Kabla hajanyanyuka alisikia viatu vya Shangazi vikivuka ukumbi. Havikuwa na haraka.

Shangazi aliingia na karatasi aliyoandika kwa kalamu. Alikuwa na tabia, ambayo Umeme aliisahau kwa kiherehere chake, ya kufungua orodha ya ruta kila asubuhi saa nne na kuisoma mstari kwa mstari, nani anazungumza na nani.

"Kompyuta yako inampigia nani?" akauliza.

Umeme akasema haimpigii mtu. Shangazi akamwekea karatasi mbele. Namba tisa, kompyuta ambayo kwa miaka yote ilijulikana inakwenda sehemu tatu au nne za nje, kuanzia saa nne kasoro robo ilikuwa inaita anwani moja ngeni, mbali kabisa, kila baada ya dakika moja. Umeme alisoma karatasi, akaisoma tena. Alitaka kusema hajui, lakini alijua. Si kompyuta yake iliyoita. Alikuwa mpangaji, akiita kwa jina la mwenye nyumba.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Si aibu ya kushindwa, hiyo angeivumilia. Ilikuwa aibu ya kumzunguka mtu mzima aliyemkatalia kwa heshima, tena kwa jambo ambalo mtu huyo alilikataa kwa hasara yake mwenyewe. Alimweleza yote bila kupamba: kwamba alimficha mpangaji nyuma ya namba tisa, na kwamba kwa kumficha hivyo alimpa pia njia ya kutoka nje, njia ambayo Shangazi aliikata miaka mitatu iliyopita. Akaomba radhi.

"Ulinizunguka," akasema Shangazi. "Tutaliongea. Sasa niachie kiti, nimwone huyo mtu wako."

Umeme akampisha. Kwenye skrini kulikuwa na dirisha moja kubwa, na ndani yake skrini nzima ya kompyuta iliyokufa: rangi ileile ya buluu iliyopauka, mafaili yaliyopangwa kwa rangi za uzi badala ya majina ya wateja, mpango ambao hakuna mwingine aliyewahi kuuelewa. Pembeni kulikuwa na mchoro wa tausi ambao Shangazi aliuacha nusu siku kompyuta ilipoungua. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Kumbe upo," akamwambia tausi, taratibu.

Halafu akavuta kiti mbele, akashika kipanya, akawa mtu mwingine. Aliifahamu mashine ile kama jiko lake. Alipita kila chumba, akimuuliza Umeme hiki ni nini na kile kimewekwa na nani, na walipofika kwenye orodha ya programu zinazoamka zenyewe kompyuta ikiwashwa, alisimamisha kidole. Moja iliitwa Msaidizi wa Printa. Shangazi akasema hajawahi kuwa na msaidizi wa printa. Printa yao ilikuwa mbovu kiasi kwamba haikustahili msaidizi.

Umeme aliifungua. Ilikuwa ya werevu mdogo na ubaya mkubwa: kila mchoro uliohifadhiwa, iliutengenezea nakala na kuutuma nje. Ilikuwa hata na daftari lake, kwamba imetuma nini, lini. Mistari ilijaa kwa miezi mitatu, kisha ikakoma siku Shangazi alipokata njia ya nje, ikabaki kuita bila kupata njia. Umeme aliitazama anwani iliyokuwa inaitwa. Siku hizi haikuwa na mtu. Leo, kwa muda wote ilioita, hakuna aliyepokea. Alishusha pumzi.

"Nembo ya chuo ilitoka lini?" Shangazi akauliza.

Umeme akalifuata lile daftari mstari kwa mstari. Ilitoka tarehe kumi na tisa, mwezi wa nne.

"Flashi niliipoteza tarehe ishirini na nne."

Chini, Mrefu alikuwa anawaambia wenzake wawe na subira. Umeme alihesabu tena zile siku tano, akaona zinabaki tano.

"Na huyu Msaidizi aliwekwa lini?"

Mwezi wa pili, tarehe kumi na nne, saa tano asubuhi. Shangazi alivuta mkoba wake, akatoa kadi ya kliniki ya macho iliyochakaa pembeni, akaiweka mezani. Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, kuondolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Siku hiyo hakuwepo kazini. Siku hiyo alikuwa kitandani na bandeji usoni.

Umeme hakuhitaji kuuliza ni nani aliyekuwepo. Kisa hicho alikisikia nyumbani mara nyingi, maana baba yake alikipenda: jinsi siku moja, dada akiwa hospitalini, alivyopita fundi wa printa, mtu mwenye adabu, akaomba kuitazama printa bure ili wajue kazi yake, na jinsi alivyomkaribisha, akampa kiti na chai, naye akashinda pale saa nzima na kuondoka bila kudai kitu. Baba alikuwa anakitoa kisa hicho kama mfano wa jinsi ya kuishi na watu.

Shangazi alivua miwani. Macho yalimjaa machozi na hakuyaficha.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu nimemwomba radhi kila asubuhi kwa jinsi ninavyomwamkia."

Umeme alikwishasimama. Alitaka kushuka, atoke, amtafute baba yake popote alipo, amwambie mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi. Shangazi alimshika mkono.

"Saa ngapi?"

"Tano na dakika tano."

"Basi kaa. Tumalize kazi kwanza. Hasira yangu haina pa kwenda, itanisubiri."

Wakaimaliza kazi, safari hii kwa njia iliyonyooka. Umeme alimng'oa Msaidizi na mizizi yake, huku Shangazi akimsimamia na kuuliza baada ya kila hatua kama ametoka kweli au amejificha. Akakifunga kile kidirisha. Akabadilisha mpango mzima, mpangaji asikae tena nyuma ya mwenye nyumba bali awe na mlango wake, aonekane kwenye ruta kwa anwani yake, ajibu mwenyewe. Kisha ikabaki sehemu ya Shangazi. Alimwambia Umeme ageuke atazame ukutani, akaandika neno la siri. Hata siku hiyo hakulegeza.

Ukaguzi aliufanya kama alivyofanya wa simu ya mdogo wake. Aliamuru mashine pepe izimwe, akahakikisha imepotea kwenye orodha. Ikawashwa, ikarudi. Akarudia mara ya pili na ya tatu, mpaka akaridhika kwamba jina lile kwenye orodha ndilo dirisha lile mbele yake, na si kitu kingine. Kwa hiyo aliiona, na kwa macho yake. Kuhusu mwili, alifikiri kidogo, akasema mwenye nyumba anao mwili na mpangaji anaishi humo, basi kibandiko namba kumi kitakaa ubavuni mwa namba tisa, na atakayesogeza kompyuta hiyo ajue amesogeza mbili. Njia ya nje akaifunga kwa komeo: mashine namba kumi itazungumza na mashine nne za kudarizi, basi.

Ilibaki kuandika mtu wa kuijibia. Umeme akasema aandikwe yeye.

"Wewe unaijibia tisa," akasema Shangazi. "Hii ni yangu." Akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Hata hivyo mashine za chini ziligoma. Umeme hakutishika, aligundua mara moja kwamba zote, hata namba mbili ambayo Mrefu alikwishairudisha kama ilivyokuwa, zilikuwa zinaitafuta kompyuta ya zamani kwa anwani yake ya zamani, basi badala ya kuzungukia mashine zote nne akampa namba kumi anwani ileile ya marehemu. Saa sita kasoro dakika kumi na tano, Mrefu alituma neno kwamba ya kwanza imeona. Halafu ya pili. Shangazi alimalizia mkia wa tausi kwa mistari michache ya haraka, akauhifadhi, na baada ya muda si mrefu sakafu yote ilikuwa inanguruma. Umeme aliweka kiganja mezani ausikie mngurumo vizuri. Kichwa kilimvimba kidogo, na alikuwa na haki.

Bosi alipanda ngazi saa sita kamili, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa kupeleka habari ngumu. Alikuwa amevaa koti na mkononi ana bahasha nyeupe. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akamtazama dada yake aliyeketi mbele ya skrini, na uso wake ukalegea.

"Naona mmefaulu," akasema. Alifurahi kweli, hilo lazima lisemwe. Akaanza kuirudisha bahasha mfukoni.

Shangazi akamwambia aitoe. Bosi akasema haina maana tena, ilikuwa barua tu ya shukrani. Shangazi akasema shukrani haikataliwi, akanyoosha mkono, na mdogo mtu, aliyekuwa na miaka hamsini na minane na watu kumi na wanne chini yake, akampa. Aliisoma yote. Kisha akaisoma sehemu moja kwa sauti: licha ya yaliyotokea, karakana inamshukuru kwa utumishi wake.

"Yaliyotokea," akasema. "Njoo uyaone."

Alimwonyesha mwenyewe. Umeme alikuwa na maneno tele mdomoni, akayauma yote. Shangazi alimpitisha ndugu yake polepole, tarehe kwa tarehe: siku flashi ilipotea, siku nembo ilipotoka, siku Msaidizi alipowekwa. Mwisho akamsogezea kadi ya kliniki. Hakupandisha sauti hata mara moja. Bosi aliinama karibu na skrini, akainuka, akainama tena, na Umeme akaona jinsi kisa kile alichokipenda kilivyokuwa kinamgeukia kichwani.

"Nilimpa chai," akasema Bosi.

"Ulimpa na kiti changu," akasema Shangazi. "Na leo ulipanda ngazi kukigawa mara ya pili."

Bosi alisimama pale, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza. Kisha alimwita dada yake kwa jina la utotoni, jina ambalo Umeme hakuwahi kulisikia, akamwambia amekosa, na amekosa kwa miaka mitatu, na anaomba amsamehe. Machozi yalimtoka mbele ya binti yake na hakugeuka.

Shangazi alivaa miwani. Akaikunja barua mara mbili, akamrudishia.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini wakati ule uliwakusanya mafundi ukawaambia kosa ni la dada yako. Nilikuwa nimesimama palepale. Nenda kawaambie na hili."

Bosi alifuta uso kwa kiganja, akavuta koti likae sawa, akashuka. Umeme na Shangazi walibaki wakisikiliza. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine, ya nne ikawa ya mwisho, mpaka nyumba nzima ikatulia na sauti ya Bosi ikaanza kupanda kupitia sakafuni, ya chini, yenye kukwamakwama, isiyoshikika maneno.

Shangazi aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa makini.

"Shuka umwambie aongeze sauti," akamwambia Umeme. "Wa nyuma hawasikii."